Maua ya sukari: gampesti ya ute wa yai, fondanti na CMC, au ya dukani?

Keki_za_Rongai
Habari zenu wapendwa. Nimepata oda ya keki ya harusi, ngazi tatu, na bibi arusi anataka maua ya sukari. Hataki ya plastiki wala ya krimu. Mimi nimewahi kutengeneza vipepeo na majani tu. Nikande gampesti (ile pasti ya sukari ya kuundia maua, inayokauka ikawa ngumu) mwenyewe kwa ute wa mayai na tailosi (unga wa kukazia pasti), nitie CMC (nayo unga wa kukazia) kwa fondanti niliyo nayo, ile pasti laini ya kufunikia keki, ama ninunue gampesti iliyo tayari pale mjini? Kesho nashuka tao kununua vitu, kwa hivyo nisaidieni leo.

Mama_Waridi
Karibu dada, lakini hujatuambia lolote. Harusi ni lini? Maua gani, na mangapi? Keki itakuwa ndani ya ukumbi ama bustanini? Umefunika fondanti ama krimu ya siagi? Tujibu kwanza.

Fundi_SouthB
CMC kwa fondanti, na usisumbuke zaidi. Kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250 za fondanti, kanda vizuri, funga, acha ilale usiku mmoja. Asubuhi unaanza kazi. Nimefanya hivyo miaka sita na wateja wanarudi.

Mama_Waridi
Fundi, hiyo ni nzuri kwa pinde, herufi na vile vinyago vya watoto vya keki za ubatizo. Petali ni kitu kingine. Fondanti nyingi zina gliserini, na gliserini imewekwa humo makusudi ili isikauke. Sasa wewe unataka petali ikauke iwe ngumu kama kigae, huku ndani yake kuna kitu kinachovuta maji. Gampesti ya ute wa yai unaisukuma mpaka unaona mistari ya kiganja chako ukiiweka juu ya mkono, na haipasuki.

Mimi hutumia hivi: ute gramu 125, sukari ya unga kama gramu 850, tailosi gramu 30, mafuta meupe ya mgando gramu 20. Msimu wa mvua naongeza tailosi kidogo, gramu 5 hivi. Ute UPIME kwa mizani, usihesabu mayai, maana mayai yetu hayalingani kabisa. Piga ute kidogo, ongeza sukari polepole (bakisha kama gramu 100 ya kukandia) mpaka ukiinua kipigio ncha inasimama halafu inalala. Ndipo unyunyize tailosi mashine ikikimbia kwa kasi. Utaona inashikana ghafla na mashine inalia. Itoe, paka mikono mafuta, kanda na sukari uliyobakisha. Ukivuta kipande kikatike kwa mlio, tap, iko sawa. Kikirefuka kama chingamu, bado.

Halafu ifunge isipate hewa, iweke friji saa 24. Usiitumie siku hiyo hiyo.

Keki_za_Rongai
Asante sana mama. Samahani, nilikuwa na haraka. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ni bustani, Limuru. Waridi tisa na peoni tatu, yale maua makubwa ya petali nyingi. Nimefunika fondanti.

Zawadi_Embakasi
Limuru? Mwezi wa kumi na moja, wa mvua? Bustanini? Dada, soma hii mpaka mwisho.

Aprili moja nilitengeneza waridi kumi na mbili jekundu, siku tano za kazi. Gampesti ilikuwa safi, ukigonga petali mbili zinalia kama vikombe vya kaure. Nikafikisha keki ukumbini saa mbili asubuhi, nikaipanga, nikapiga picha, nikaenda nyumbani. Kumbe msimamizi, kwa nia njema, akaona jua linakuja akaamuru keki iingizwe kwenye friji yao kubwa ya jikoni. Ikakaa humo saa nne. Ilipotolewa nje, kitu baridi kikakutana na hewa ya joto, na maji yakatanda juu ya kila petali kama chupa ya soda inavyotoa jasho. Dakika ishirini tu. Petali za nje zikaanza kulala moja baada ya nyingine, na rangi nyekundu ikateremka juu ya fondanti nyeupe mpaka ngazi ya chini. Mama wa bibi arusi alinipigia simu nikiwa kwa matatu. Nilirudisha pesa za maua yote, na picha za kukata keki wale watu wanazo mpaka leo.

Kwa hivyo pasti inakaa friji, MAUA hayakai friji. Mwambie mwenye ukumbi kwa mdomo na umwandikie. Na maua yapande kwenye keki mwisho kabisa, ukishafika Limuru.

Fundi_SouthB
Pole sana Zawadi. Lakini hiyo ni friji, haikuwa kosa la pasti. Hata gampesti ya mama ingelala.

Zawadi_Embakasi
Ni kweli, yangu ilikuwa ya ute wa yai.

Binti_Pangani
Mimi nimelelewa Mombasa, na kule unyevu ni wa mwaka mzima. Mamangu mdogo hutumia ile ya zamani, ya jelatini na glukosi. Inachukua muda mrefu kidogo kukauka mkononi, kwa hivyo anayejifunza hafukuzwi na saa. Ila ukinunua jelatini uliza ni ya ng'ombe. Pakiti nyingi zimeandikwa jelatini tu, na kama wageni ni Waislamu hilo si jambo dogo.

Fundi_SouthB
Na ute mbichi je? Wateja wangu wengine hawautaki kabisa.

Mama_Waridi
Tumia unga wa ute uliokaushwa. Na ua lenye waya haliliwi, lazima umwambie mteja. Waya usichome moja kwa moja ndani ya keki, uingie kwenye mrija uliozibwa chini.

Kamau_wa_Maua
Mbona msinunue waridi halisi? Ya Naivasha yanapelekwa mpaka Uholanzi, na hapa City Market unapata asubuhi yakiwa na umande.

Binti_Pangani
Yale yamepigwa dawa ya wadudu, kaka. Si ya kugusana na chakula hivyo tu. Tena bibi arusi amesema sukari.

Mama_Waridi
Dada wa Rongai, anza vitovu vya waridi leo usiku, vile vikoni vya katikati. Vinataka siku nzima au zaidi kukauka, na kitovu kibichi kinateleza kwenye waya ukiweka petali. Kwa vitovu hata fondanti yenye CMC ya Fundi inatosha. Kausha mbele ya feni, si ovenini.

Keki_za_Rongai
Pasti nitaifunga na nini? Vile vifuko vya zipu sivioni madukani.

Zawadi_Embakasi
Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017 mimi naipaka mafuta, naizungushia nailoni ya kufunikia chakula, halafu kopo la kufunga kabisa.

Keki_za_Rongai
Nimerudi kutoka tao. Nimenunua tailosi, mizani, waya namba 26, na pakiti moja ya gampesti iliyo tayari ikiwa yangu itakataa. Vitovu tisa viko mbele ya feni. Sasa peoni: vikata nilivyoona ni vya waridi tu. Kuna mtu karibu na Rongai mwenye cha peoni wa kuniazima?

Binti_Pangani
Ninacho, lakini ni kile kidogo. Ngoja nimuulize mama mdogo kama kikubwa kiko Mombasa ama alikiacha hapa.