Naomba ushauri: kumkumbuka Anne Heyman

Habari zenu wakubwa. Kikundi chetu cha vijana hapa Kigali tunataka kumkumbuka Anne Heyman, yule mwanasheria Myahudi mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka Manhattan, kisha akaanzisha kijiji cha Agahozo-Shalom kule Rwamagana kwa ajili ya yatima. Kilifunguliwa mwaka 2008. Alifariki 31 Januari 2014, alianguka kutoka kwenye farasi.

Wenzangu wanang'ang'ania mashada na kwaya (kwaya sina neno nayo). Lakini nimesoma kwamba Wayahudi huwasha mshumaa unaowaka saa 24, na tarehe hufuata kalenda ya Kiebrania.

Je, sisi Wakristo tukiuwasha tutakuwa tumekosea adabu? Na tushike tarehe ipi?