Naomba ushauri: picha zangu za Mwaloni haziendi mbele

Habarini ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Napiga picha hapa Mwanza. Harusi ndizo zinazonilisha, ila za moyoni ni zile za Mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa, kwenye dagaa na sangara, na hizo ndizo zimekwama.

Ufundi si tatizo kubwa. Asubuhi maji yanapong'aa nyuma ya mchuuzi, kamera hupima mwanga wa ziwa na uso unatoka mweusi tii. Basi naongeza mwangaza stopu moja (yaani mwanga mara mbili) au moja na nusu, au napima usoni kwenyewe. Shida ni kwamba jioni nikizitazama naona picha safi zisizosema kitu. (Jiwe la Bismarck, lile mwamba maarufu wa ziwani hapa Mwanza, hata silipigi tena, kila mtu analo kwenye simu.)

Nimejaribu kubaki na lenzi moja ya mm 50 ili nilazimike kusogelea watu. Imesaidia: kina mama wa dagaa wamenizoea, hawajipangi tena wakiiona kamera. Pia naandika daftarini kwa nini nilibonyeza. Mara nyingi jibu ni "mwanga ulikuwa mzuri", basi, sina zaidi.

Naomba kuuliza: nimfuate mtu mmoja kwa muda mrefu, au niendelee kuzunguka mwalo mzima? Na mnapochuja picha zenu, mnaziacha zilale muda gani kabla ya kuamua ipi ibaki?

Kama kuna aliyeko Mwanza anayeweza kuzikosoa uso kwa uso bila kunionea haya, nitashukuru sana.