Tupeane uzoefu: panya wa nyumbani umewamalizaje wasirudi?

Mkazi wa Kiamunyi (Nakuru)
Wanajamvi, huku kwetu mahindi yakishavunwa, nyumba zetu ndizo ghala linalofuata. Jirani akifyeka mabua tu, usiku tunasikia mbio juu ya silingi. Msinitajie majina ya dawa, hizo naziona zimetandazwa na wachuuzi pale stendi. Namtaka aliyewamaliza wakakaa msimu mzima bila kurudi. Alifanya nini? Na utaje mtaa, maana panya wa kando ya shamba ana mambo yake.

Mama Mapacha, Lanet
Dada au kaka, anza kwa kujua ni yupi. Kinyesi cha milimita 3 hadi 6 kilichochongoka ncha ni cha yule mdogo wa kabatini. Kikizidi sentimita moja, huyo ni mkubwa, na mara nyingi kwake ni darini. Kwangu walikuwa wadogo. Tulihangaika na mitego wee, kila tukimnasa mmoja anatokea mwingine. Mimba yao ni wiki tatu tu, na mtoto wa leo baada ya wiki sita hivi naye anaanza kuzaa. Mitego peke yake ingetumaliza sisi.

Kilichotuokoa ni tochi. Usiku tulizima taa zote, mume wangu akatoka nje akamulika ukutani polepole, mimi nimeinama ndani chini ya sinki. Mwanga ukapenya pale bomba la maji machafu linapotokea. Tundu lenyewe ungelidharau, lakini linalopitisha penseli linampitisha na panya mdogo. Tulishindilia stilwuli ya kusugulia sufuria, tukaziba juu kwa saruji. Stilwuli peke yake hushika kutu ikaisha, na saruji mbichi peke yake wanaichimbua kabla haijakauka. Chini ya mlango wa nyuma tukapigilia mpira. Waliobaki ndani ndio mitego ikawamaliza.

Fundi Paa, Nakuru
Mama Mapacha amesema ya chini, mimi niseme ya juu. Nyumba nyingi za mitaa mipya zina fasha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, nzuri kwa macho, lakini panda ngazi uangalie pale mabati yanapolalia ukuta. Kila wimbi la bati ni mlango. Panapaswa kuwekwa wavu, ule tunaouita kofi trei, au pazibwe kwa mota. Mteja akianza kuvutana bei, huo wavu ndio wa kwanza kufutwa kwenye hesabu, kwa sababu hakuna mgeni atakayekuja kuusifu.

Kingine ni parachichi lenu. Tawi likigusa paa, panya wa darini hahitaji kushuka chini kabisa. Kata matawi yabaki mbali na paa zaidi ya mita moja. Ua wa kayaba nao usiachwe ukalalia ukuta wa nyumba.

Kibos Road, Kisumu
Huku adui ni miwa. Shamba likichomwa au kukatwa, wote wanahamia kwetu, na hao ni wakubwa. Huyu mkubwa ni mwoga wa kitu kipya. Ukimtegea leo, ataukwepa mtego wiki nzima. Mimi huweka mtego bila kuutega, na omena juu yake, nikawaacha wale bure siku kadhaa. Wakishazoea, nafunga omena kwa uzi ili avute, ndipo natega. Mtego ukae kando ya ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa panya hatembei katikati ya chumba. Na tega mingi usiku mmoja. Mmoja mmoja ni kuwafundisha.

Shemeji wa Migosi
Sumu jamani muiogope. Jirani alinunua ya kupimiwa kwenye karatasi, haina lebo. Mbwa wetu akaokota panya aliyezubaa uani. Baada ya siku chache fizi zikaanza kutoka damu. Daktari wa mifugo aliuliza ni sumu gani, hakuna aliyeweza kumjibu. Akaitibu kwa dalili, kama zile sumu zinazozuia damu kuganda, akampa vitamini K kwa wiki kadhaa na mbwa akapona. Sumu za aina hiyo haziui papo hapo, panya hutembea nazo siku kadhaa, na anayemla anakula na sumu. Ukilazimika, nunua yenye lebo na namba ya usajili wa PCPB, bodi inayosimamia dawa za kuua wadudu na panya, uiweke ndani ya kisanduku ambacho mtoto na kuku hawafiki.

Halafu kuna harufu. Akifia juu ya jipsamu utaita fundi akate silingi.

Milimani, Kisumu
Niongeze tu kwamba kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi eti kinawafukuza kwa mlio, wa kwangu walijenga kiota nyuma yake.

Mkulima wa Kitale
Ukiweka mahindi chumba cha wageni, umekwisha karibisha wageni. Watu wa Trans Nzoia tunajidanganya na mifuko isiyopitisha hewa. Dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, inamuua kweli, jino la panya haiwezi. Niliponunua silo ya bati ndipo nilipolala. Asiye na silo apange magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, apate nafasi ya kuzunguka na tochi. Na chakula cha kuku kisilale nje! Wengi wanaziba nyumba vizuri halafu wanaacha karamu bandani.

Mama Paka, Amalemba, Kakamega
Mbona hakuna aliyemtaja paka? Wangu wawili wamewamaliza wadogo wote. Wakubwa, nakiri, wanatazamana tu na kila mtu anaenda zake. Hao wanaliwa na bundi wa kwenye mti wa jirani. Jirani anataka kumpiga mawe, eti ni mkosi. Nimemwambia amuache, kila usiku anameza panya, na hatudai unga.

Nesi wa Njoro
Mkisafisha, msifagie vinyesi vyao vikiwa vikavu. Fungua madirisha nusu saa, vaa glavu, nyunyizia Jik sehemu moja kwa maji sehemu tisa, subiri dakika tano, ndipo upanguse kwa karatasi na kuitupa. Mkojo wao unaweza kuleta homa ya leptospira.

Mpangaji, Mamboleo
Mimi nyumba si yangu na landlodi hapokei simu. Nifanyeje?

Mama Mapacha, Lanet
Chini ya sinki na chini ya mlango huhitaji ruhusa, mwanangu. Unga na mchele uweke kwenye ndoo zenye kifuniko kinachobana. Darini piga picha, mtumie keateka, picha ibaki kwenye simu yako.

Mkazi wa Kiamunyi (Nakuru)
Asanteni sana. Fundi Paa, hiyo kofi trei niulize ya matundu ya kiasi gani hapo hadwea?

Fundi Paa, Nakuru
Robo inchi. Watakusukumia ya nusu kwa kuwa ni rahisi, lakini hiyo inamzuia mkubwa tu. Na uje nayo kabla jirani hajavuna.