Kipimo cha utumbo mpana kwa siti skani: aliyewahi kufanya anielekeze

Nuru_77:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 48, daktari kaniambia umri umefika wa kuchekiwa saratani ya utumbo mpana, akanipa njia mbili nichague, kolonoskopi ya kawaida ile ya mpira wenye kamera au ile ya siti skani ambayo kompyuta ndo inatengeneza picha ya utumbo. Kusema kweli ya kamera naiogopa, nimesimuliwa mengi, kwa hiyo moyo umeegemea CT. Ni kweli huingizwi kitu? Inauma? Na majibu yake yanaaminika? Aliyepitia aniambie ukweli asinifiche.

mamaPacha:
Mi nilifanya mwaka jana dada. Kuingizwa unaingizwa, kuna kampira kembamba kanapita njia ya haja kubwa, kafupi tu, halafu wanajaza gesi utumbo utanuke maana ukiwa umesinyaa picha haionyeshi kitu. Hapo tumbo linabana kweli, nilitoka jasho, ila ni dakika chache. Unalala chali wanapiga, unageuka kifudifudi wanapiga tena, shika pumzi, basi. Kama robo saa hivi, sikupewa dawa ya usingizi, nikavaa nikaondoka mwenyewe. Kazi ni siku ya kabla!! Dawa ya kuharisha inakunywewa vilevile kama ya kolonoskopi, msosi unaacha unabaki na vimiminika, na kuna dawa nyingine ya kunywa inayofanya mabaki ya choo yang'ae kwenye picha yasije yakadhaniwa ni kinyama, yaani kile kiuvimbe kinachoota ukutani mwa utumbo na kinaweza kuja kuwa saratani. Kama ulikuwa unaikimbia kolonoskopi kwa sababu ya kushinda chooni basi hapo hujakimbia kitu.

Mpiga_Picha_CT:
Mi nashinda chumba cha CT, naongezea kidogo. Hilo la kusafisha tumbo watu wanalidharau sana, mtu anakunywa nusu nusu anamwaga, anafika utumbo umejaa, tunamrudisha nyumbani na siku yake imepotea. Kuhusu kuaminika, vinyama vya milimita 10 kwenda juu, ambavyo ndo tunavihofia zaidi, kati ya watu 10 walio navyo CT inawanasa kama 9, kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2008 ulionyesha hivyo. Vya milimita 5 kushuka mara nyingi hata haviandikwi kwenye majibu, na vile vilivyolala bapa ukutani mwa utumbo vinaweza kutupita. Ndo maana ukikutwa safi unarudi baada ya miaka 5, wakati kolonoskopi ikiwa safi unakaa hadi 10. Mionzi ipo, ila tunatumia dozi ndogo kuliko CT ya tumbo ya kawaida, na mjamzito hatumpimi. Halafu picha inachukua tumbo lote, figo, ini, mshipa mkubwa wa damu, unaweza ukaja kwa ajili ya utumbo ukaondoka na habari ya figo. Kuna waliookoka kwa hilo na kuna waliokosa usingizi wiki nzima kwa kitu ambacho hakikuwa na madhara.

Kaka_Jo:
Mbona hamjamwambia kwamba CT inaona tu haikati? Kaka yangu alikutwa na kinyama cha milimita 12 akaambiwa lazima kolonoskopi ili kitolewe, na pale hawakuwa na nafasi siku hiyo, ikabidi baada ya wiki 2 aanze upya kuharisha. Iliniuma kumuona vile. Uliza mapema kabisa, mkikuta kitu mnaweza kunimalizia leoleo kabla sijala?

Nuru_77:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Sasa niwaulize, mimi kuna damu naiona kwenye choo kama miezi 3 hivi, kidogo tu, nikajua bawasiri, daktari sikumwambia niliona aibu. Na baba alifariki kwa saratani hiihii akiwa na 52. Inabadilisha kitu?

Mpiga_Picha_CT:
Inabadilisha kila kitu dada yangu. Hicho alichokupangia ni kipimo cha mtu asiye na dalili, na amekupangia hivyo kwa kuwa hajui. Damu inaweza kweli kuwa bawasiri, lakini hilo aseme daktari akishaangalia, si wewe wala si sisi humu. Na mwenye damu, tena mzazi kaumwa kabla ya 60, kwa kawaida anapelekwa moja kwa moja kolonoskopi, maana pale daktari anaona, anakata kinyama, anapeleka maabara, yote safari moja. Ile unapewa dawa ya kukutuliza, wengi wakiamka wanauliza mnaanza saa ngapi. Mwambie daktari kesho, usisubiri siku ya miadi.

mamaPacha:
Na aibu iweke pembeni mdogo wangu, wao habari za choo ndo kazi yao kila siku. Kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi au za sukari zitaje pia, wao ndo wakwambie ipi usimamishe na lini.

Nuru_77:
Nimepiga simu asubuhi hii, nesi nimemwambia yote mpaka la damu, kaniwekea kuonana na daktari keshokutwa. Nina mdogo wangu wa kiume ana 41, baba mmoja, nimemtumia huu uzi wote asome.