Chunjang (rojo nyeusi ya Kikorea ya soya na ngano iliyochachushwa) inatoka chungu na ina madonge, nakosea wapi?

karai_jeusi: Jajangmyeon (tambi za Kikorea za mchuzi wa chunjang) ya watu wanne: chunjang gramu 120, mafuta kijiko kikubwa 1, moto mkali dakika 2, kisha nyama, vitunguu, kabichi na maji. Mchuzi unakuwa mchungu, una madonge, na ukifika mezani unalegea. Halafu, tianmianjiang, ile rojo tamu ya ngano ya Kichina, inafaa badala ya chunjang?

mwiko2: Mafuta kidogo mno, moto mwingi mno. Chunjang hukaangwa hasa, haipashwi tu. Kwa gramu 120 tia vijiko vikubwa 4 vya mafuta, moto mdogo, koroga dakika 4 hadi 5. Mwanzo ni donge moja linaloteleza karaini. Baadaye linalainika, viputo vidogo vinatokea pembeni na ule ukali wa uchachu unapungua puani. Epua hapo hapo. Ukichelewa, sukari iliyomo inaungua, na uchungu wa kuungua hautolewi na sukari ya kuongeza. Mafuta yaliyobaki usimwage, kaangia nyama na vitunguu. Chumvi subiri hadi uonje.

Ngano Tupu: Kuhusu tianmianjiang: inafaa, ila utakachopata kitaelekea zhajiangmian, tambi za mchuzi za Beijing. Chunjang ilitokana nayo, kupitia Wachina wa mkoa wa Shandong waliohamia Incheon, Korea. Weusi wake ni karameli iliyoongezwa Korea. Ya Kichina ni ya kahawia na tamu zaidi, kwa hiyo sukari weka nusu. Utamu wenyewe unatoka kwenye unga: ngano hukandwa, hupikwa kwa mvuke, huoteshwa ukungu wa *Aspergillus oryzae*, kisha huachwa kwenye maji ya chumvi, na vimeng'enya vya ukungu hugeuza wanga kuwa sukari. Usichukue hoisin, mchuzi mwingine mzito wa Kichina, ina vitunguu saumu na viungo vingine. Doubanjiang ndiyo kabisa usiiguse, hiyo ni ya pilipili.

karai_jeusi: Na kulegea?

mwiko2: Wanga wa viazi vijiko vikubwa 2, maji baridi vijiko 4. Koroga upya kabla ya kumimina maana wanga hutuama chini. Mchuzi uwe unachemka, mimina mara tatu huku ukikoroga, uache uchemke dakika 1. Ukimimina wote kwa mpigo ndiyo madonge mengine hayo.

Ngano Tupu: Na kijiko ulichoonjea kisirudi karaini. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, mchuzi usiochemka tena unaweza kulegea.