Tromsø mpaka Longyearbyen kwa ndege ni kilomita ngapi, mbona muda haulingani?

Mtu_wa_Kigoma:
Wakuu habari zenu. Nipo Tromsø huku kaskazini mwa Norwei kimasomo, nataka nikaone Svalbard, vile visiwa vya Norwei karibu na ncha ya kaskazini ambako mji wake mkuu ni Longyearbyen, kabla lile giza la msimu wa baridi halijaanza. Sasa nikifungua ramani kwenye simu naona bahari tupu katikati, unaweza sema ni Dar mpaka Kairo, lakini ratiba ya ndege inasema saa 1 na dakika 40 hivi, halafu kuna saiti ya kupima umbali inanipa saa 1 na dakika 10. Nishike lipi? Na kilomita zenyewe ngapi?

BabaNuru:
Shika la ratiba mkuu. Umbali wa angani ni kama km 960, na unaweza kupiga hesabu mwenyewe: Tromsø ipo digrii 69.7 kaskazini, Longyearbyen 78.2, yaani ndege inapanda kaskazini karibu moja kwa moja. Tofauti ni digrii 8 na nusu, kila digrii km 111, tayari upo kwenye 943 na ushee, kule kusogea magharibi kunaongeza kidogo tu. Hizo saiti zinachukua km zinagawa kwa spidi ya ndege ikiwa juu, 830 hivi kwa saa, basi zimemaliza. Ratiba inahesabu toka ndege inaondoka getini mpaka inapaki, na humo kuna kupanda, kushuka, foleni, na msimu wa baridi kuna kumwagia mabawa dawa ya barafu kwanza.

chausiku_tz:
Na hiyo ramani ya simu usiiamini kabisa huko juu, ardhi ya duara ukiilaza kwenye karatasi maeneo ya karibu na ncha yanavutwa. Tromsø inavutwa kama mara 3, Longyearbyen karibu mara 5, wakati Tanzania ipo karibu na ikweta haivutwi. Ukweli ni kwamba safari yako inazidi Dar–Mwanza kwa kama km 100 tu 😂

Mtu_wa_Kigoma:
Daah kumbe! Sasa ni ndani ya Norwei, pasi ya nini tena? Nasikia wanaangalia.

BabaNuru:
Svalbard ni ya Norwei kwa mkataba wa 1920 ila haipo ndani ya Schengen (zile nchi za Ulaya zisizokaguana pasi mipakani), kwa hiyo ukitoka bara unapita kaunta ya pasi, hata wanaotokea Oslo kwa ndege inayopitia Tromsø wanashushwa hapo wanakaguliwa ndo wanapanda tena. Wewe mwenye kibali cha kukaa hauna shida, beba pasi na kadi yako. Kasheshe ni kwa mgeni mwenye viza ya kuingia mara moja, kwenda ataenda, kurudi Tromsø ndo atashindwa.

chausiku_tz:
Halafu dogo usipange kuunganisha ndege nyingine siku hiyohiyo ya kurudi. Ukungu ukikaa Longyearbyen ndege inaweza kufika ikazunguka ikarudi bara, maana viwanja vya kule vya kubeba ndege kubwa havipo vingi, ni hicho hicho kimoja. Kuhusu giza, jua linapotea mwishoni mwa Oktoba mpaka katikati ya Februari, so nenda Septemba, na nje ya mji usitembee bila mtu wa bunduki, dubu wapo kweli.