Wanaoandaa wakufunzi wa umahiri wa kitamaduni, tupeane uzoefu

Mwenye uzi
Habari zenu wakuu. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiandaa wakufunzi ambao nao wanakwenda kuwafundisha wengine namna ya kuishi na kufanya kazi na watu wa tamaduni tofauti. Naanza na kosa langu, maana bado linaniuma.

Nilichezesha Barnga, ule mchezo wa karata wa Sivasailam Thiagarajan. Kwa asiyeujua: kila meza inapewa karatasi ya sheria, watu wanajizoeza, kisha karatasi zinakusanywa na kuanzia hapo ni marufuku kusema. Wasichokijua ni kwamba sheria hazifanani. Meza hii ree ndiyo kubwa, ile ree ndiyo ndogo. Hapa turufu ni uru, pale ni shupaza. Anayeshinda anapanda meza, anayeshindwa anashuka, na kila mgeni anafika akiwa na hakika kwamba mchezo anaujua.

Mama mmoja, mtu mzima, alihamia meza mpya. Akatupa karata, akanyoosha mkono achukue alichokula. Mkono mwingine ukamzuia. Mzunguko uliofuata wakamzuia tena, mmoja akacheka. Akaurudisha mkono mapajani, na tangu hapo akawa anatupa karata ilimradi tu. Nilimwona. Lakini karata zilikuwa zimekula dakika 50, za mazungumzo zikabaki 10. Nikauliza "tumejifunza nini?", wakajibu "tuheshimiane", tukaenda mapumziko. Mchana yule mama hakurudi.

Siku hizi mchezo naupa dakika 25 na mazungumzo saa nzima, na swali la kwanza ni "ulihisi nini mkono ulipozuiwa?" Tena mkufunzi haruhusiwi kuongoza zoezi ambalo yeye mwenyewe halijampitia. Nanyi mmepitia yapi?

Mwezeshaji wa vijana
Pole mkuu. Langu mimi lilikuwa orodha. Watu wa kule hawakutazami machoni, wa kule kwingine hawapendi kuulizwa moja kwa moja... Wakufunzi walizipenda kwa sababu zinakaririka. Mpaka nilipokwenda kumkagua mmoja wao kazini, nikamsikia akimwambia mshiriki mbele ya wenzake, "wewe basi si wa kawaida kwenu." Kijana wa watu akainama. Maneno yale niliyapanda mimi.

Orodha nilizitupa. Sasa natumia picha moja na hatua tatu: eleza, fasiri, ndipo utoe hukumu. Karibu wote wanaanza kwa kuandika "amekasirika". Nawauliza, hasira mmeiona wapi? Kimya. Kisha mmoja anasema, "paji la uso limekunjana." Haya, andika hilo. Halafu nipe sababu tatu za paji kukunjana. Huwa inatuchukua asubuhi nzima, na siionei uchungu.

Mwalimu wa lugha
Kwangu wagumu si wabaguzi. Wagumu ni wale wema wanaosema "sote ni binadamu, tofauti ni ndogo ndogo tu." Mtafiti Milton Bennett, kwenye ngazi zake sita za mwaka 1986 za jinsi mtu anavyozipokea tofauti za kitamaduni, aliiweka hali hii ngazi ya tatu, kabla ya kuzikubali tofauti. Mkufunzi aliyekwama hapo anafunika kila mgongano kwa maneno mazuri, na aliyeumia anabaki na lake moyoni. Nilikaa hapo miaka mingi nikidhani nimefika.

Mkufunzi mpya
Mimi nimeandaliwa kwa duara za hadithi, zilizo kwenye mwongozo wa UNESCO wa 2020 ulioandikwa na Darla Deardorff. Kila mtu ana dakika tatu za kusimulia tukio lake, wengine hawamkatizi, kisha kila msikilizaji anapewa sekunde kama 15 kusema kilichomgusa. Unaonekana mwepesi. Mara ya kwanza mwenzangu aliposimulia alivyochekwa kwa lafudhi yake, nilishindwa kukaa kimya, nikaingilia: "hata mimi iliwahi kunitokea!" Akaishia hapo. Mwezeshaji alinisubiri hadi mwisho, akaniuliza faraghani: "Hadithi yake iliishaje?" Sikuwa na jibu.

Mwezeshaji wa vijana
Mwenye uzi, yule mama ulimtafuta?

Mwenye uzi
Nilimpigia jioni ileile. Aliniambia kuzuiwa mkono hakukumuumiza sana, ule ulikuwa mchezo. Kilichomuumiza ni kwamba macho yetu yalikutana, nami nikageukia saa ya ukutani. Nikamwomba radhi, nikamwomba arudi. Asubuhi yake alikuja, nikampa nafasi aanze yeye kabla ya ratiba. Alizungumza karibu dakika 20. Yule aliyecheka alikuwa amekaa safu ya mbele, na ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.